Barua ya malalamiko: kompyuta za mezani zilizouzwa kama "i5 kamili ya nyumbani"

Mafundi wa Kompyuta,
Kirumba,
Mwanza.

Meneja Mauzo,
Duka la Kompyuta,
Mwanza mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA NNE ZA MEZANI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika kwa niaba ya wateja wenu wanne wa Kirumba, Igoma na Buzuruga, ambao kila mmoja alinunua kompyuta moja dukani kwenu kisha akaileta kwetu ikiwa inasumbua. Nakala za risiti za EFD tumeziambatanisha. Wote walieleza mapema kazi wanayoitaka: kuandika barua, kuangalia matokeo ya NECTA, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, watoto kusoma mtandaoni. Hakuna aliyeomba mashine ya gemu wala ya kuhariri video.

Tangazo lenu linasema "Core i5, RAM 8GB, 500GB, Windows 11, imekarabatiwa". Tumezifungua zote nne. Ni Dell OptiPlex 3020 zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) i5-4570, yaani kizazi cha 4, iliyotoka mwaka 2013. Kutaja i5 bila kizazi ni kama kuuza sato bila kusema alivuliwa lini. Kizazi kinasomeka kwenye namba yenyewe: 4570 ni cha 4, 8500 ni cha 8. Muuzaji wenu anaijua namba hiyo, na ingetosha kuiandika kwenye tangazo. Mteja angeweza kujua pia kwamba i3-8100 ya mwaka 2017 ina viini vinne kama i5-4570, na kwa kazi za nyumbani ndiyo ya kuchagua.

Hapo ndipo linapoingia suala la Windows 11. Kwa prosesa za Intel, Microsoft inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Ukifungua tpm.msc kwenye mashine hizi unaona toleo 1.2. Maana yake Windows 11 imepigwa kwa kuruka ukaguzi. Inawaka, ndiyo, lakini Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine ya aina hiyo, na toleo kubwa la mwaka linapokuja, mara nyingi hukataa kuingia mpaka fundi aruke ukaguzi upya. Kurudi Windows 10 nako si suluhisho la kudumu, kwa sababu muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Baya zaidi ni leseni. Amri ya slmgr /xpr ilionyesha kwenye mashine tatu kwamba uhalali wa Windows una tarehe ya kuisha, ambapo leseni halali ya nyumbani husema ni ya kudumu. Hizo ni dalili za programu ya kukrak, yaani ya kukwepa leseni, inayoipa Windows uhalali wa siku 180 kisha kuuhuisha. Ili ikae, mpigaji ameiambia Windows Defender, kinga ya virusi, isikague folda fulani. Kompyuta ambayo mtu ataingizia nywila ya benki haipaswi kutoka dukani na mlango wa namna hiyo ukiwa wazi.

Hiyo 500GB ni diski ya kuzunguka. Malalamiko ya "kompyuta nzito" yanaanzia hapa, wala RAM haihusiki: fungua Task Manager baada ya kuwasha, diski inakaa asilimia 100 kwa dakika kadhaa huku prosesa ikiwa karibu haina kazi. Kuongeza RAM, kama kijana wa dukani alivyowashauri wawili kati yao, kungewala hela bure. SSD ya SATA ya 240GB, diski isiyozunguka, ndiyo dawa, na kwa matumizi haya nafasi hiyo inatosha. Isitoshe, diski moja ina zaidi ya saa 30,000 za kuwaka na tayari ina sekta zinazosubiri kuhamishwa, mstari wa C5 kwenye CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Diski ya hivyo haikarabatiki. Ni kuokoa mafaili na kuitupa.

Neno "imekarabatiwa" tunalipinga pia. Grisi ya prosesa imekauka ikawa unga, feni zimeziba vumbi na mabaki ya vijidudu vya ziwani, na betri za saa, CR2032, zimekwisha kwenye mashine mbili. Betri hiyo ni kitu kidogo cha volti 3, lakini ikifa, kila TANESCO ikikata tarehe inarudi nyuma miaka, kisha kivinjari kinagoma kufungua tovuti salama kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Mteja anadhani bando limeisha.

Pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) ya OptiPlex 3020 inaingia kwenye mazabodi kwa plagi ya pini 8 ya Dell. Ile ya kawaida ya pini 24 haichomeki bila adapta, na kwenye kasha dogo hata umbo lake halienei. Kwenye mashine moja pawasaplai imekufa. Waranti yenu ya miezi mitatu imeiondoa pawasaplai, yaani imeondoa kifaa kinachokufa mapema zaidi kwenye umeme wetu wa kupanda na kushuka. UPS mlizotoa kama zawadi hazishiki hata dakika moja. Betri zake za 12V 7Ah zimelala stoo bila chaji hadi zikafa.

Tunaomba, ndani ya siku 14, mfanye moja kati ya haya kwa kila mteja. Ama mumbadilishie kwa mashine ya kizazi cha 8 au zaidi (OptiPlex 3060, HP ProDesk 400 G5 au Lenovo ThinkCentre M720 zinafaa), yenye RAM 8GB ya DDR4, SSD ya 240GB au 256GB na Windows yenye leseni. RAM za mashine ya sasa ni DDR3, hazihamishiki huko, kwa hiyo msizihesabu kama punguzo. Ama mrudishe fedha yote.

Anayetaka kubaki na mashine yake, na yupo mmoja, awekewe SSD, betri mpya ya saa, grisi mpya na Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, yenye LibreOffice ya kuandikia, kisha arudishiwe tofauti ya bei. Kwa kazi zake itamfaa. Kizazi cha 4 hatukikatai; tunakataa kuuziwa kwa bei na jina la kitu kingine.

Tangazo nalo lirekebishwe: namba kamili ya prosesa, aina ya diski, aina ya leseni. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na muda huo ukipita bila jibu tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Mashine zote nne ziko kwetu na nyaya zake, kibodi, mausi na UPS. Hazijabadilishwa kifaa chochote. Fundi wenu aje azikague siku yoyote ya kazi, tutazifungua mbele yake.

Wenu,
Mafundi wa Kompyuta, Kirumba,
kwa niaba ya wanunuzi.

Viambatanisho: nakala za risiti nne, picha za CrystalDiskInfo, tpm.msc na slmgr.