KTM haikuzaliwa India: nembo za pikipiki za Austria zina historia yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo lililoandikwa hivi karibuni katika safu ya vyombo vya moto ya gazeti lako. Mwandishi alieleza kwamba KTM ni pikipiki ya Kihindi iliyobuniwa na kampuni ya Bajaj kwa ajili ya vijana wapenda mwendo, na kwamba herufi tatu za nembo yake hazina maana yoyote, bali zilichaguliwa kwa kuwa zinapendeza machoni. Dai la kwanza ni nusu ya ukweli, na hata nusu hiyo imetimia juzi tu. Dai la pili si kweli hata kidogo.

Mimi si mhandisi. Ninakata na kubandika stika za pikipiki hapa Morogoro, na kazi hii humlazimisha mtu kuzitazama nembo kwa ukaribu ambao mpita njia hana haja nao. Mwezi uliopita kijana mmoja wa bodaboda aliniletea Boksa yake, pikipiki ya Bajaj, akataka nibandue maandishi ya kiwandani kwenye tangi na mahali pake niweke KTM ya rangi ya chungwa, pande zote mbili. Nilipasha gundi moto, nikabandua, nikafuta kwa petroli, kisha nikaanza kukata. Ni herufi zisizosumbua kisu: zote tatu ni za mistari iliyonyooka, nene, zimelala kuelekea mbele kama mwendeshaji aliyeinamia usukani, na zimesongamana kiasi kwamba ukikosea nafasi ya milimita mbili tu, mteja anaona. Nilipokuwa nikikata, kijana aliniuliza maana yake. Nilimjibu kama nitakavyomjibu mwandishi wako.

Herufi M ni Mattighofen, mji mdogo wa Austria ya Juu, karibu na mpaka wa Ujerumani. Hapo mwaka 1934 fundi aitwaye Hans Trunkenpolz alifungua karakana ya kutengeneza vyuma na magari, na miaka michache baadaye akaanza kuuza pikipiki za DKW za Ujerumani. Herufi T ni yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliamua kuunda pikipiki yake mwenyewe. Ya kwanza, R 100, ilikamilika kama sampuli mwaka 1951 na ilitumia injini ya Rotax, kampuni nyingine ya Austria ambayo wengi hawaijui kwa sababu jina lake hubaki kwenye injini na halipandi tangini. Mwaka 1953 mfanyabiashara Ernst Kronreif aliingia kama mbia, na jina likawa Kronreif na Trunkenpolz, Mattighofen. Hiyo ndiyo KTM: watu wawili na mji wao. Kronreif alifariki mwaka 1960, Trunkenpolz akafuata mwaka 1962, na tangu hapo, kati ya herufi zote tatu, ni ile ya mji pekee ambayo mwenyewe bado yupo.

Mwandishi wako angeweza kujitetea kwamba mambo ya mwaka 1953 hayamhusu msomaji wa leo. Lakini KTM haikuwa hata pikipiki ya kwanza ya Austria yenye sifa, na bila kumtaja aliyeitangulia, hadithi ya nembo hizi haieleweki. Huyo ni Puch.

Johann Puch alizaliwa mwaka 1862 katika kijiji cha Sakušak karibu na Ptuj, sehemu ambayo leo ni Slovenia lakini wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Austria, na Waslovenia hadi leo humwita Janez Puh na kumhesabu kuwa mtu wao. Alijifunza ufundi wa makufuli, akahamia Graz, na huko akaanza kuunda baiskeli alizoziuza kwa jina la Styria, yaani jina la jimbo lenyewe ambalo Graz ni mji wake mkuu. Hapa pana jambo ambalo mtu wa kazi yangu hulifurahia: kabla hajathubutu kuweka jina lake, alitanguliza jina la mahali. Jina lake lilikuja na kampuni aliyoianzisha mwaka 1899, na pikipiki zilifuata mwaka 1903. Mwaka 1906 waendeshaji wa Puch walishinda mashindano ya kimataifa yaliyofanyika Bohemia. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1914, lakini jina lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mhandisi Mwitaliano, Giovanni Marcellino, aliipa Puch injini iliyoitofautisha na pikipiki nyingine nyingi. Ilikuwa injini ya mipigo miwili yenye pistoni mbili zilizopanda na kushuka karibu pamoja katika mitungi miwili iliyopakana, huku zikigawana chumba kimoja cha mwako na plagi zake. Pistoni moja ilifungua njia ya kuingiza mchanganyiko wa petroli na hewa, nyingine ikafungua njia ya kutoa moshi, na kwa kuwa hazikuwa zikifungua kwa wakati ule ule hasa, mafuta mabichi hayakupotea ovyo kupitia bomba la moshi. Fundi yeyote wa hapa aliyewahi kushika injini ya kuchanganya oili na petroli atatambua mara moja ugonjwa uliokuwa ukitibiwa. Mtambo huu uliendelea kuwekwa kwenye Puch hadi miaka ya 1960 na kuendelea, na mfano wake maarufu zaidi ni 250 SGS, ambayo Wamarekani wengi waliimiliki bila kujua ni ya Austria. Waliinunua kutoka maduka ya Sears ikiwa imeandikwa Allstate.

Mambo kama hayo yaliwapata KTM pia. Mwaka 1968 Mmarekani wa jimbo la Ohio, John Penton, aliwaagiza watu wa Mattighofen wamuundie pikipiki nyepesi ya njia za porini, nao wakaiunda, na kwa miaka kadhaa pikipiki hizo ziliuzwa Marekani zikiwa na jina la Penton kwenye tangi. Kwa hiyo kijana wangu wa Boksa hakuwa wa kwanza kubadilisha jina la tangi. Tofauti ni kwamba wale walikubaliana na mwenye jina.

Narudi kwenye nembo. Mwaka 1928 Puch iliunganishwa na Austro-Daimler, na mwaka 1934 zote zikaungana na Steyr, ambayo asili yake ni kiwanda cha bunduki cha Josef Werndl kilichoanza mwaka 1864. Nembo ya Steyr ilikuwa miduara ndani ya miduara, yaani shabaha ya kulengea, na hakuna haja ya mtaalamu kutueleza ilitoka wapi. Atakayedhani huo ni mkasa wa Austria peke yake aitazame nembo ya Husqvarna, pikipiki yenye asili ya Sweden ambayo tangu mwaka 2013 imekuwa chini ya wenye KTM: ni mtutu wa bunduki ukitazamwa kwa mbele, na taji juu yake, kwa sababu nayo ilianza kama kiwanda cha silaha. Mtu anaweza kuendesha pikipiki hiyo maisha yake yote akidhani ile alama ni herufi H iliyonakshiwa tu.

Puch ilikuwa kubwa kuliko KTM kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita. Mwaka 1975 Mbelgiji Harry Everts aliipa ubingwa wa dunia wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye viwanja vya udongo, wa injini za sentimita za ujazo 250, na moped yake ya Maxi, yaani pikipiki ndogo yenye pedali, iliyotoka mwaka 1969, ilijaa Ulaya. Lakini mwaka 1987 biashara ya magurudumu mawili iliuzwa kwa Piaggio ya Italia, na pikipiki za Puch zikakoma kuundwa Graz. Jina liliuzwa, mafundi wakabaki. Huko Graz leo huundwa gari la Mercedes la G, lililozaliwa kwa ushirikiano wa Puch na Wajerumani.

KTM nayo ilifilisika, mwaka 1991. Mwaka uliofuata iligawanywa vipande vinne, pikipiki zikaangukia mikononi mwa Stefan Pierer na wenzake, na baiskeli zikaenda njia yake. Ndiyo maana hadi leo kuna baiskeli zenye herufi zile zile tatu, kutoka mji ule ule, ambazo ni za kampuni nyingine kabisa. Mwandishi wako akikutana na baiskeli ya KTM, tafadhali asiandike kwamba nayo ni ya Bajaj.

Rangi ya chungwa, ambayo kijana wangu aliidai kana kwamba iliteremshwa pamoja na herufi, ni ya kipindi hicho cha baada ya kufilisika. Gerald Kiska, mbunifu mwenye ofisi karibu na Salzburg, alianza kufanya kazi na KTM mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katikati ya muongo huo chungwa ikawa rangi ya nyumba. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa biashara uliofanywa kwa akili nyingi kuliko nembo yenyewe. Kwenye viwanja vya motokrosi nyekundu ilikuwa ya Honda, buluu ya Yamaha, kijani ya Kawasaki na njano ya Suzuki. Kampuni ndogo iliyotoka kufilisika ilichukua rangi ambayo hakuna aliyeikalia. Kisha ikaanza kushinda. Kuanzia mwaka 2001, Fabrizio Meoni alipotangulia, KTM ilishinda mbio za Dakar mara 18 mfululizo hadi mwaka 2019, na mtu aliyekuwa akitazama picha za jangwani kwenye televisheni hakuhitaji kusoma herufi ili ajue ni nani anapita.

Sasa nifike kwa Bajaj, ambayo sisi tunaifahamu kwa namna yetu, kiasi kwamba jina lake limekuwa neno la kawaida la chombo cha miguu mitatu. Kampuni hiyo ilinunua hisa za KTM mwaka 2007, asilimia 14.5 kwa kuanzia, ikaongeza kadiri miaka ilivyopita, na kuanzia mwaka 2011 pikipiki ndogo za KTM ziitwazo Duke zikawa zinaundwa katika kiwanda chake cha Chakan, karibu na Pune. Mwishoni mwa Novemba 2024 KTM ilielemewa na madeni, ikaenda mahakamani, na mitambo ya Mattighofen ikasimama. Februari 2025 wadai walikubali kulipwa asilimia 30 ya walichokuwa wakidai, fedha zikatolewa na Bajaj, na kabla mwaka huo haujaisha Bajaj ikawa imeshika usukani. Mwandishi wako, kwa hiyo, amemtaja mmiliki wa leo kwa usahihi, ila amemfanya kuwa mzazi. Anayemnunua ng'ombe aliyekwisha kukua hasemi kwamba alizaliwa zizini kwake.

Naomba safu hiyo ichapishe masahihisho mafupi yenye mambo mawili: kwamba KTM ilianzia Mattighofen, Austria, na kwamba herufi zake ni za Kronreif, Trunkenpolz na mji huo.

Yule kijana nilimweleza pia kwamba tangi lake na stika niliyombandikia sasa vina tajiri mmoja. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama basi naweza kumpunguzia bei, kwa kuwa kumbe hajabadilisha kampuni.

Ni mimi msomaji wako,
Mkata stika, Morogoro