Usikubali kunyongwa shingo

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Sisi wazima, watoto wazima, mengine nitakuandikia siku nyingine maana hili haliwezi kungoja. Shemeji kaniambia umeshapanga kwenda kwa yule anayenyonga watu shingo mpaka ilie. Tafadhali Salma, usiende. Kapimwe kwanza.

Maumivu kuanzia shingoni, kupita nyuma ya bega na kushuka mkononi kama umeme mpaka kidole cha kati kinakufa ganzi, hiyo si misuli iliyokaza tu. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ngumu kwa nje, laini ndani. Ikichakaa au ikipasuka, ule ulaini unachomoza na kubana mshipa wa fahamu pale unapotokea. Mkono wenyewe hauna kosa, ndiyo maana umeuchua na kuupaka dawa wee, wapi. Kidole cha kati mara nyingi ni mshipa wa saba wa shingo, gumba ni wa sita.

Mama Neema ulikuwa wa sita. Unamkumbuka alivyokuwa akikaa na mkono juu ya kichwa? Tulidhani ni mazoea, kumbe akiuweka hivyo mshipa unapata nafasi, maumivu yanapungua. Jaribu leo usiku. Naye hakupasuliwa! Wengi hupona bila kisu, kwa wiki kadhaa au miezi, kwa dawa za maumivu na mazoezi wanayofundishwa na mtaalamu wa viungo. Kilichochomoza mara nyingi hunywea chenyewe. Lakini kuinyonga shingo kwa nguvu na diski iko hivyo, na ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo, unapita papo hapo... sitaki hata kufikiria.

Halafu eksirei isikutulize. Inaonyesha mifupa, diski yenyewe na mshipa uliobanwa huonekana kwa MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku.

Sasa nijibu upesi, usinifiche. Vitu vinakuponyoka? Kufunga vifungo vya blauzi kunakushinda? Ukitembea miguu inakuwa mizito, unayumba? Haja ndogo unaizuia kama kawaida? Kama kuna hata moja, nenda hospitali leo leo, usingoje barua yangu. Na bado unalalia ule mto mnene? Nani anakubebea mizigo siku hizi? Nije?

Akupendaye,
Mwanaidi