Kambare hajakataa kutaga, tezi ndiyo imeharibika

Ndugu Mhariri,

Vifaranga vya kambare vinapoadimika kando ya ziwa, wavuvi wa sangara wakivitafuta kwa chambo na wenye mabwawa wakivitafuta kwa kufuga, lawama humwangukia jike: amekataa kutaga. Mara nyingi jike hana kosa. Kilichoharibika ni protini ya tezi aliyochomwa kwa sindano ili atage.

Kambare hutaga mvua zinapofurisha nyasi za ufukweni. Wakati huo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga kwenye damu protini iitwayo homoni ya LH. Protini hii haiingii ndani ya yai. Hushika vipokezi vya seli zinazolizunguka, seli hizo hutengeneza homoni nyingine ya aina ya steroidi, na steroidi hukifanya kiini cha yai kisogee pembeni na kuvunjika. Ndipo yai huachia. Bwawani hakuna mafuriko, na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini huibana tezi isimwage. Tumbo hujaa mayai yasiyoachia, mwishowe samaki huyafyonza tena. Kumchoma jike maji ya tezi ya samaki mwingine, njia iliyotumika Brazil tangu miaka ya 1930, ni kumpa LH ambayo tezi yake imeizuia. Sindano haitengenezi mayai: jike asiye na mayai yaliyoiva hata achomwe tezi kumi hatatoa kitu.

Makosa huanzia kwenye kichwa cha samaki anayetolewa tezi. Vichwa vilivyoshinda juani mwaloni havifai, kwani vimeng'enya vya samaki mwenyewe huikata LH vipande, na joto humalizia. Chukua samaki mkubwa aliyepevuka, hai au aliyekufa muda huo huo. Kata taya la chini, fungua mfupa wa kaakaa, utaona kijidonge cheupe chenye wekundu kidogo. Kama hutumii leo, kitumbukize kwenye asetoni, badilisha asetoni hiyo baada ya muda wa saa nane, kisha kikaushe na kukihifadhi kwenye chupa iliyozibwa. Kukianika juani ni kukitupa.

Kipimo ni tezi moja mbichi kwa jike wa uzito sawa na samaki aliyeitoa. Jike wa gramu 800 anahitaji ya samaki wa gramu 800, au mbili za samaki wa gramu 400. Isage kwenye kinu kidogo, ongeza mililita 1 hadi 2 za maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, yaliyochemshwa na kupoa kabisa. Pima chumvi kwa mizani, kwani kijiko hudanganya. Choma kwenye nyama ya mgongo kwa kuinamisha sindano, kisha sugua kwa kidole dawa isirudi nje.

Baada ya hapo saa za kusubiri huamuliwa na joto la maji. Kwenye nyuzi 25 mayai huachia baada ya saa 11 hivi, kwenye 28 baada ya saa 8, na kwenye 22 ni zaidi ya saa 15. Tangi la nje hupoa usiku, kwa hiyo anayechoma saa mbili usiku na kukamua mayai kwa mazoea alfajiri hukamua mapema: mayai hutoka kwa shida, yameshikana, na damu juu. Akichelewa, yanazeeka na mbegu haziyapati. Themomita ni ya bei ndogo kuliko jike mmoja mzazi.

Mayai na korodani za dume zilizokatwa viwekwe kwenye bakuli kavu. Gramu moja ya mayai ina takribani mayai 600 hadi 700. Changanya na mbegu kwanza, maji baadaye, kwa sababu maji yakigusa mbegu zinaogelea kwa dakika moja tu, na tundu la yai ambamo mbegu huingilia hufunga.

Wauzaji wa tezi zilizokaushwa tunawaomba waandike kwenye chupa saa samaki alipokufa na saa tezi ilipotolewa.

Wataalamu wa uzalishaji wa vifaranga,
Ilemela, Mwanza