YAH: RUTA YA AKIBA ISIYOPOKEA ZAMU

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba mnao, mlichotuuzia mnakijua. Jumanne saa nne asubuhi ruta kubwa (kifaa cha kutuunganisha na mtandao) ya ofisi yetu, Kurasini, ilizima. Ya akiba ikapokea zamu upande wa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za mtandao, ndani ya sekunde nne. Kwa hilo ahsanteni. Upande wa IPv6, mfumo mpya wa anwani, haikupokea kitu. Kiungo chetu na tawi la Tanga kinapita IPv6 peke yake, kikakaa kimya mpaka saa nane mchana ruta kubwa ilipokubali kuwaka. Mizigo ya wateja imelala bandarini.

Fundi wenu alifika saa saba. Nikamfungulia skrini: VRRP, utaratibu wa ruta kupokezana zamu, mmeweka toleo la 2, na hilo ni la IPv4 tu. IPv6 inataka toleo la 3, lililotoka tangu 2010. Hakutazama. Aliweka kikombe chake cha chai juu ya ruta iliyokufa, akamgeukia mkurugenzi wetu: "Huyu dada ana maneno mengi. Zimeni hiyo IPv6, haina kazi."

Na siku ya makabidhiano, mwezi Machi, si niliwaomba tuchomoe kebo tuone? Mkasema mmeshajaribu kwenu. Mlijaribu nini? Anwani ya fe80, yaani ya IPv6 ya mtandao wa ndani, ya kuchangia ruta zote mbili hamkuiweka, na ya akiba haijitangazi kabisa kwa laptopu za ofisini. Zilikuwa zinaita maiti.

Narudia mnielewe. Kikombe cha chai juu ya ruta, mbele ya wateja wawili na kijana wa mafunzo ninayemfundisha kazi. "Huyu dada." Kazi hii naifanya mwaka wa tisa. Chai yenyewe ilimwagika, doa lipo.

Naomba fundi mwingine aje aweke toleo la 3, na kebo ichomolewe mbele ya macho yangu. Naomba pia barua ya kuniomba radhi, yenye jina langu. Tena ada ya mwezi huu irudi, hilo si ombi. Ijumaa ikipita kimya, Jumatatu malalamiko yako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ruta zenu zote mbili mtazikuta getini kwa mlinzi. Kikombe nimekitia humo humo kwenye boksi.

Ofisa Mifumo,
Kurasini, Dar es Salaam