Mwanangu, Pesa Zako Ziweke Kwenye Betri

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mamako akusalimu sana. Picha ya baiskeli ya umeme uliyonitumia nimeiona, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutoa pesa. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mambo haya yana hesabu, na nataka uende na karatasi hii mpaka dukani.

Hiyo uliyoipenda ni mtumba wa Japani. Naelewa kilichokuvutia: fremu iko chini, cheni imefunikwa, na gurudumu la nyuma lina kinga ubavuni. Kwa mwanamke anayeendesha na buibui, kinga hiyo si urembo. Buibui likinaswa na spoku ukiwa kwenye mwendo, utaangushwa barabarani na matatu iko nyuma yako. Lakini umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100, na wetu ni 240. Chaja iliyotengenezwa kwa volti 100 peke yake ukiichomeka kwenye soketi ya hapa, itaungua papo hapo. Na betri za baiskeli hizo zina umbo lake na plagi yake, haziingiliani na nyingine. Ya mtumba aghalabu imeshachoka, na kupata ya kuweka mahali pake hapa mjini ni kazi. Nyingi ya zile za Ulaya zenye mota kwenye pedeli ni vivyo hivyo: mota inaitambua betri ya kampuni yake tu, ukiiwekea ya kampuni nyingine haiwaki. Hapo utabaki na baiskeli nzito ya kukanyaga, na pesa zimekwenda.

Kwa hivyo usiangalie rangi wala kioo cha taa. Ukiwa na pesa za kubana, unachonunua hasa ni betri, na hayo mengine fundi yeyote wa baiskeli Mwembe Tayari atayashughulikia.

Sasa hesabu. Betri ina namba mbili, volti na ampea-saa. Zizidishe upate wati-saa, ambayo ndiyo akiba ya umeme uliyo nayo. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Ukikanyaga huku mota ikikusaidia, kilomita moja hula kama wati-saa 10 hadi 15. Ukiiachia mota kazi yote, hula zaidi. Wewe kutoka Kiembeni mpaka kazini ni kama kilomita 12, kwenda na kurudi tuseme 25. Upepo wa kusi ukikupiga usoni, 25 mara 15 ni 375. Hiyo ya 360 basi haikutoshi, na kumbuka betri hupungua nguvu kila mwaka. Tafuta ya volti 36 na ampea-saa 13, au volti 48 na ampea-saa 10. Zote mbili zinakaribia wati-saa 480, na utafika nyumbani umebakisha.

Gharama ya kuichaji isikutishe. Hata uniti ya umeme ikifika shilingi 30, kuijaza betri hiyo kutoka sufuri hakufiki shilingi 20. Nauli ya kwenda peke yake inaishinda.

Dukani watakuonyesha pia baiskeli mpya za bei nafuu zenye betri za asidi, zile za jamii ya betri za gari. Nne za volti 12 zikiunganishwa zinapita kilo 15, na wewe wakaa ghorofa ya tatu. Isitoshe, hazivumilii kumalizwa kila siku. Bei yake ya mwanzo ni ndogo, lakini baada ya muda mfupi utanunua nyingine. Chukua lithiamu, yenye kilo tatu au nne, uitoe na kupanda nayo chumbani.

Rai yangu ni hii: tafuta baiskeli ya kike ya mtumba, ya chuma, yenye kifuniko cha cheni na madigadi kamili, kisha tuifunge mota ya kwenye habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma. Wati 250 au 350 zinakutosha, na daraja la Nyali utalipanda bila kuhema. Wengine hufunga mota mbele kwa sababu ni rahisi, lakini mimi siipendi. Uma wa mbele ukikatika, mtu huanguka kwa uso. Hata nyuma, lazima kiwepo kile kipande cha chuma kinachozuia mhimili usijizungushe kwenye fremu. Fundi akikwambia si lazima, mtafute mwingine. Kati ya hizo shilingi elfu 50 za chama chako cha akiba, nusu au zaidi iende kwenye betri mpya yenye bodi ya ulinzi ndani, ile inayokata umeme betri ikizidiwa. Usithubutu kununua iliyofunguliwa na kuungwaungwa na seli za kompyuta kuukuu.

Ukikuta baiskeli ya umeme iliyotumika na bei ni nzuri, usiikatae kabla ya kuipima. Mwambie muuzaji aichaji mpaka taa ya chaja iwe kijani. Betri ya volti 36 ikijaa husoma 42, ya 48 husoma 54 nukta 6. Kisha ipandishe kimlima huku ukitazama mita ya volti. Ile ya 36 ikishuka volti mbili tatu, si neno. Ikiporomoka hadi 32, au baiskeli ikazimika, rudisha na uondoke. Betri iliyovimba usiiguse kabisa.

La kuchaji nakuomba sana. Ichaji betri ukiwa macho, juu ya sakafu ya vigae, mbali na pazia na mbali na mlango, maana lithiamu ikishika moto huwaka kwa kasi na utahitaji njia ya kutokea. Tumia chaja yake tu. Na kwa chumvi ya hewa yetu, plagi zikianza ukijani zisafishe na uzipake vaselini kidogo. Usiipeleke baiskeli kuoshwa kwa mashine ya magari. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha.

Bakisha pesa ya helmeti na kufuli nzito. Nitakuja Jumamosi na mita yangu twende pamoja, usilipe arbuni kabla sijafika. Kwa sasa muulize mwenye duka la dawa unakofanya kazi kama ataruhusu uiingize baiskeli stoo ya nyuma mchana, na kama kuna soketi huko.

Babako