Mtoni, ogopa kukwama kuliko kupinduka

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia umepata mtumbwi na kwamba karibuni mtaingia mtoni. Umeniuliza ufanyeje usipinduke. Kupinduka utapinduka tu, hakuna mpiga kasia asiyepinduka. Ninachokuombea ni usikwame. Mkondo ukizidi kasi mara 2, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara 4, na haupumziki hata kidogo. Anayenaswa hapati nafasi ya kuvuta pumzi na kujipanga upya.

Jaketi okozi livae ukiwa bado nchi kavu. Funga vishikizo vyote, kisha mwenzako alishike mabegani alivute juu. Likipanda hadi masikioni, kaza mikanda. Likizidi kupanda, ni kubwa kwako, tafuta jingine. Usijifunge kamba kwenye chombo, wala usiache kamba zimezagaa ndani. Ile ya kuokolea, ya mita 15 hadi 20, ikae kwenye mfuko wake, mahali mkono unapofika.

Kinachonitia hofu zaidi ni miti iliyoanguka. Kwenye kona, mkondo hula ukingo wa upande wa nje, kwa hiyo miti huangukia palepale maji yanapokupeleka. Maji hupenya kati ya matawi, wewe hupenyi. Elekea upande wa ndani mapema, kabla kona haijaanza. Mkikuta mti umeziba mto wote, tokeni ukingoni mbebe chombo.

Ukipinduka, kaa upande wa juu wa mtumbwi, kule maji yanakotoka. Ukijaa, hubeba lita mia kadhaa, yaani kilo mia kadhaa, na ukikubana kwenye mwamba huwezi kuusukuma. Lala chali, miguu mbele na vidole vya miguu juu ya maji, halafu piga mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama ilhali maji yenye kasi yanapita magoti: mguu ukiingia kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi na kukushikilia hapo. Miguu kutangulia kuna hali moja isiyofaa, nayo ni pale mti uko mbele na huwezi kuukwepa. Hapo geuka, ogelea kwa nguvu kichwa kikitangulia, ukiufikia jirushe juu ya shina. Miguu ikitangulia, itazama chini ya shina na mwili utafuata.

Mtumbwi ukigonga mwamba kwa ubavu, inama kuelekea mwamba, uukumbatie kabisa. Mwili utataka kukwepa, lakini ukiinama upande wa pili ukingo wa chombo huzama, maji huingia, na mtumbwi hujikunja kwenye jiwe.

Halafu kuna kuta fupi zilizojengwa kukatiza mto. Ukitokea juu huoni kitu ila mstari ulionyooka, na kishindo cha maji chaweza kukufikia ukiwa umechelewa. Chini yake maji hujizungusha na kurudi ukutani, yakimzamisha mtu tena na tena, hata mwenye jaketi. Usiruke hata ukuta wa mita 1. Zunguka kwa miguu.

Mvua ikinyesha huko juu, na maji yakageuka rangi na kubeba magogo, ahirisheni. Na kabla hamjaondoka, niandikie mtaingilia wapi, mtatokea wapi na saa ngapi, nijue wakati wa kuanza kuwatafuta.

Wako akupendaye