Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Gesi Kwenye Vyumba Tunavyopangisha

Ndugu wanachama, wazee wetu mliotutangulia katika shughuli hii, na ninyi vijana mlioanza juzi kwa vyumba viwili vya uani, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuja, maana najua Jumamosi ni siku ya misiba, harusi na shamba.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Mhazini atasoma hesabu zake mwenyewe. Wenye ada za nyuma wamwone leo kabla hatujatawanyika. Mkataba wa upangaji wa mfano umekamilika na nakala ziko kwa katibu. Luku ya pamoja bado inagombanisha wapangaji kwenye nyumba nyingi, na kamati italeta pendekezo mwakani. Muda uliobaki nauomba wote kwa ajili ya gesi.

Mwaka jana mlinipa kazi ya kuanzisha ukaguzi wa gesi kwenye nyumba za wanachama, na mnakumbuka azimio lile lilipita kwa taabu. Baadhi yenu mliniuliza pembeni kwa nini nimeling'ang'ania. Sikujibu vizuri siku ile. Najibu leo.

Nina vyumba vya masta pale Kijenge. Kimoja kilikuwa na hita ya gesi ya maji ya kuoga, imefungwa humo humo bafuni, juu ya bomba. Mwezi wa saba, baridi ya Arusha mnaijua, mpangaji wangu, binti wa chuo, alilalamika kwamba upepo unampiga kupitia kidirisha cha juu. Nikamtuma fundi akakiziba kwa saruji siku ile ile, nikaona nimemtendea wema. Haikupita muda, jirani akasikia maji yanamwagika bafuni bila kukoma, akaita, hakujibiwa. Wakavunja mlango. Binti alikuwa chini. Wakambeba hadi uani kwenye hewa, akafikishwa hospitali, na kwa neema ya Mungu akapona.

Kilichomwangusha hakikuwa gesi iliyovuja. Gesi ilikuwa inaungua. Lakini moto unaowaka kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Mtu huanza kuumwa kichwa na kuona kichefuchefu, miguu ikaisha nguvu, akaanguka kabla hajajua kuna jambo. Mama yake binti aliponipigia simu hakunigombeza. Aliniuliza, "Dada, kile kidirisha nani alikiziba?" Nikamwambia ni mimi. Hita sasa iko nje, ukutani, chini ya kibati, na kidirisha kimefunguliwa. Hiyo ndiyo sababu yangu.

Sasa ukaguzi wenyewe. Tulipita kwa zamu Sakina, Sombetini, Ngarenaro, Kijenge na Moshono. Kila timu ilikuwa na fundi wa gesi na mwanachama wa mtaa mwingine, ili mtu asikague nyumba yake au ya shemeji yake. Orodha ya nyumba anayo katibu, na mwenye nyumba anaweza kuona ya kwake.

Jambo kubwa tuliloliona halikuwa kwenye mitungi. Lilikuwa kwenye vyumba, na vyumba ni vyetu. Chumba kimoja ndicho jikoni, ndicho sebule, ndicho pa kulala. Mtungi wa kilo 6 unasimama miguuni pa kitanda, jiko la plate mbili liko juu ya stuli, na pazia linagusa plate. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Butani ina uzito unaokaribia mara mbili ya hewa. Ikivuja haipandi kwenda darini ikatokea juu ya mlango. Inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia uvunguni na kutulia huko. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya mahali hapo, cheche ya swichi inatosha kuiwasha. Sisi matundu ya hewa tunayaweka juu karibu na paa. Chini tunaziba, na mpangaji naye anaongeza tambara chini ya mlango kwa ajili ya baridi na panya. Kwa hiyo tumejenga beseni, halafu tumemweka mtu na watoto wake walale ndani ya beseni hilo.

Mwanachama wetu mmoja wa Njiro, kwa moyo mzuri kabisa, alinunua vifaa vinavyopiga kelele gesi ikivuja, akavifunga karibu na dari kwenye kila chumba. Alikuwa amefuata maelekezo ya gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na kupita kwenye mabomba kule Dar es Salaam. Ile ni methani, nyepesi kuliko hewa, na kweli hupanda. Ya kwetu ya mtungi kifaa chake hukaa chini, karibu na sakafu. Tumemsaidia kuvishusha. Nalitaja kwa sababu alijaribu kufanya jambo jema kwa pesa yake, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Mipira ya gesi ilinisikitisha. Tulikuta iliyokauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi, tulikuta mpira wa kumwagilia bustani umefungwa kwa waya, na kwenye nyumba moja ya Sombetini mpira umepitishwa nyuma ya plate yenyewe inayowaka. Regyuleta, kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi, nacho kina shida yake. Mitungi ya kampuni tofauti mara nyingine ina valvu za aina tofauti. Mtu akibadilisha mtungi dukani kwa Mangi jioni na kukuta kichwa hakikai, anakilazimisha, anaongeza kipande cha mpira wa tairi, anapika. Fundi wetu alipopaka povu la sabuni kwenye kiungio cha namna hiyo, mapovu yalifura mbele ya mpangaji mwenyewe. Mama yule alikaa kimya kwa muda, kisha akasema alikuwa akisikia harufu kila usiku akidhani inatoka kwa jirani. Gesi yenyewe haina harufu ya kutosha kumwamsha mtu. Ile harufu ya kitu kilichooza huongezwa makusudi ili tushtuke. Kwa hiyo jamani, harufu isizoeleke. Na tuache kabisa kupima kwa kiberiti. Wapo mafundi wanaofanya hivyo hadi leo hapa mjini, na mmoja tulimsimamisha kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna nyumba tulikuta mtungi umelazwa chini ili "gesi ya mwisho itoke." Mtungi hulala na kimiminika chake, na kimiminika kikipita kwenye regyuleta kikafika kwenye plate, hautoki mwali wa kupikia, unatoka moto mkubwa. Mahali pengine kijana alikuwa akihamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda midogo kwenye stoo aliyopangishwa. Mwenye nyumba hakujua, na alipojua alimwondoa siku hiyo hiyo. Hilo ni kosa kisheria, na stoo ile imepakana na ukuta wa chumba cha watoto.

Sasa jambo ambalo naomba tusilikwepe. Baadhi yetu, baada ya kusikia habari hizi, tumeandika kwenye mikataba kwamba gesi hairuhusiwi ndani ya chumba. Naelewa hofu hiyo. Lakini mpangaji hataacha kula. Anarudi kwenye jiko la mkaa, na mwezi wa sita na wa saba, baada ya kupika, analiingiza ndani makaa yakiwa mekundu ili wapate joto, anafunga mlango na kulala. Makaa hayo yanatoa kaboni monoksidi ile ile iliyomwangusha binti wangu wa Kijenge, na mtu aliyelala haamki kufungua dirisha. Serikali nayo imeshaonyesha inakokwenda: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi itaongezeka kwenye vyumba vyetu, tupende tusipende. Kamati inaomba kifungu hicho kifutwe kwenye mikataba ya wanachama wote, na mahali pake kiandikwe kwamba mwenye nyumba atatoa sehemu salama ya kupikia.

Kwenye mkutano wa katikati ya mwaka mwenzetu mmoja, msomaji mzuri, alinipinga kwa hoja ya Uingereza, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema kule, chini ya kanuni za mwaka 1998, mwenye nyumba analazimika kukaguza gesi kila baada ya miezi 12 kwa fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani daftari rasmi la mafundi wa gesi wa kule, kumpa mpangaji nakala ya cheti ndani ya siku 28, na kutunza kumbukumbu kwa miaka 2. Lakini, akasema, jiko likiwa mali ya mpangaji mwenyewe, mwenye nyumba hadaiwi kulikagua. Yeye anadaiwa bomba la ukutani. Na sisi hatuna bomba. Mtungi wa mpangaji, plate ya mpangaji, mpira wa mpangaji. Kwa nini tudaiwe?

Nimelifikiria swali hilo kwa miezi kadhaa. Ni kweli hakuna anayetulazimisha kwa namna ile. Lakini kule gesi inafika jikoni kupitia ukuta wa mwenye nyumba, na ndiyo maana ukuta ndio unaokaguliwa. Kwetu inafika kwa bodaboda na kuwekwa mahali pekee tulipomwachia mpangaji nafasi. Aliyeamua dirisha liwe upande gani ni sisi. Aliyekataa mtungi usikae kwenye kibaraza kwa sababu unaharibu sura ya nyumba ni sisi. Na ukuta mmoja wa tofali nusu kati ya vyumba sita vya uani maana yake ni kwamba mpira wa mpangaji mmoja ni jambo la familia sita.

Fundi aliyetufundisha alituambia habari ya jengo la Ronan Point, London, la ghorofa 22. Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968 mpangaji wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja. Kuta zikasukumwa nje na kona nzima ya jengo ikaporomoka, ghorofa juu ya ghorofa. Watu wanne walikufa. Uchunguzi ulikuta nati ya shaba iliyounganisha jiko na gesi ilikuwa mbovu. Fundi alikuwa na nati mkononi wakati anasimulia, akaipitisha mezani, kila mmoja akaishika.

Nina la kuomba radhi pia. Wapangaji kadhaa, hasa akina mama na mabinti, walilalamika kwamba timu iliingia bila hodi ya maana, na mwanachama mmoja alitumia ukaguzi kuhesabu watu wanaolala chumbani na kuangalia nani ana friji, kisha akapandisha kodi. Hilo limetuharibia jina kuliko mpira wowote mbovu. Nyumba iliyofuata walikataa kufungua mlango, na walikuwa na haki. Nimezungumza na mwenzetu huyo, amerudisha kodi kama ilivyokuwa. Kuanzia sasa mpangaji ataambiwa siku mbili kabla, atakuwepo mwenyewe, timu itakuwa na mwanamke, na kitakachoangaliwa ni mtungi, regyuleta, mpira, jiko, hita na njia za hewa. Basi.

Kuhusu gharama: mpira mpya na klipu zake ni pesa ndogo ukilinganisha na kodi ya mwezi mmoja, na kamati inapendekeza mwenye nyumba anunue, hata kama mtungi si wake. Tundu la hewa la chini, lenye wavu wa kuzuia panya, fundi mwashi analitoboa asubuhi moja. Wanachama waliokataa ukaguzi mwaka huu sitawataja. Nitawafuata nyumbani, mmoja mmoja, kama ndugu.

Yanayohitaji kura yenu leo ni haya: ukaguzi uwe kila mwaka na kila mpangaji mpya anapoingia, hakuna hita ya gesi ndani ya bafu kwenye nyumba ya mwanachama, na zilizopo zihamishwe nje kabla ya baridi ya mwezi wa sita, na kila chumba kiwe na kadi ukutani yenye tarehe ya ukaguzi, tarehe ya mpira, na maelezo ya gesi ikinuka: usiguse swichi, zima moto wowote, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toeni watoto, piga 114 kwa Zimamoto ukiwa umeshafika nje.

Kadi zimeshachapwa. Ziko mezani kwa katibu, karibu na chupa za chai. Azimio likipita, kila mmoja ahesabu vyumba vyake achukue za kumtosha.